Bujumbura si stendi ya kupita tu

Mwaka 2018 niliwapa wanafunzi wangu kazi ya kuchora jengo maarufu. Zaidi ya nusu ya darasa walichora mnara wa Eiffel wa Paris. Nikawauliza kwa ukali kidogo: hamkuona chochote cha kuchora hapa Bujumbura? Binti mmoja akanyoosha kidole: "Mwalimu, kwani wewe umeshafika kwenye kaburi la Rwagasore?"

Nilikosa jibu. Nilikuwa nimeishi mjini humu miaka tisa, na kilima kile nakiona kila asubuhi nikienda kazini. Sikuwahi kukipanda hata siku moja.

Ndugu msomaji, naisimulia aibu hii kwa kuwa najua si yangu peke yangu. Nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, baada ya wazazi wangu kukimbia mauaji ya mwaka 1972. Sekondari nilisoma Kigoma. Mwalimu wetu wa historia alitupeleka Ujiji, akatusimamisha chini ya miembe na kutueleza jinsi Stanley alivyomkuta Livingstone. Niliporejea mwaka 2009 nilikuwa najua kumbukumbu za jirani kuliko za kwetu. Watu wa hapa walituita "Watanzania" nasi tulikasirika, lakini tulifanya nini ili tuujue mji wetu?

Wafanyabiashara wa mpakani nao hawana nafuu. Anayetoka Uvira huvuka Gatumba alfajiri, akauza, jioni akageuza. Anayetoka Kigoma hulala gesti usiku mmoja, akili yote ikiwa kwenye mzigo. Kwao Bujumbura ni stendi.

Jumapili iliyofuata nilimchukua mke wangu tukapanda kilima. Kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore lina matao matatu, na ukisimama pale unaona mji wote, ziwa Tanganyika, na ng'ambo milima ya Kongo. Kijana huyu alipigwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961 akiwa Waziri Mkuu, kwenye hoteli iliyokuwa kando ya ziwa hilo hilo. Wachuuzi wenzangu wasome hapa: mwaka 1957, kabla hajashika madaraka, alianzisha ushirika wa wafanyabiashara. Aliyelala pale juu aliijua shida ya mtu wa duka na genge.

Tuliposhuka tulipita Kiriri, kwenye majengo ya Chuo Kikuu ambayo zamani yalikuwa shule ya Wajesuiti. Mjini tukaingia kanisa kuu la Regina Mundi, ambalo marehemu baba alinitajia mara nyingi tukiwa kambini. Jioni tulifika Buyenzi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mtaani, misikiti iko karibu karibu na barabara zinaitwa kwa namba. Mrejeaji anayedhani Kiswahili chake ni cha ugenini aende Buyenzi akasikilize.

Wiki nyingine tulikwenda Mugere, kusini mwa mji, penye jiwe la Livingstone na Stanley. Wapo wanaodai kwamba hapo ndipo walipokutana mara ya kwanza. Si kweli, walikutana Ujiji. Hapa walifika pamoja baadaye, na jiwe limeandikwa tarehe 25 Novemba 1871. Nilicheka peke yangu. Safari ile ile niliyofundishwa ugenini ilikuwa imeacha alama yake nyumbani, na mimi sikujua.

Najua utaniambia: Mwalimu, sisi tunadai mashamba ya wazazi wetu, wewe unatuhubiria mawe na makanisa! Ni haki yako kusema hivyo. Shamba la baba yangu nalo lina mgogoro hadi leo. Lakini shamba likirudi na mji ukabaki mgeni kwako, bado hujarudi. Mtoto wako utamwambia ametoka wapi?

Tena vitu hivi havitusubiri. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu liliteketea kwa moto. Siku ile tulilia mali. Baadaye ndipo tulipotambua kwamba tumepoteza pia mahali ambapo kila mtu wa mji huu na wa nchi jirani alikutana na mwenzake. Mwaka 2021 na mwaka 2024 ziwa lilipanda na kumeza sehemu za ufukwe. Na tangu makao makuu ya kisiasa yahamishiwe Gitega mwaka 2019, wako wanaouona mji huu kuwa wa biashara tu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wakubwa wa mji waweke kibao kifupi kwa Kirundi na Kiswahili mahali pa kumbukumbu, kisemwe ni nini na cha lini. Na sisi walimu kila muhula tuwatoe watoto darasani siku moja, kama nilivyotolewa mimi kwenda Ujiji.

Nawe mfanyabiashara, ukishafunga mzigo, usikimbilie gari. Kaa ufukweni saa kumi na mbili jioni, jua likizama nyuma ya milima ya Uvira. Jumamosi utawakuta maharusi wakipiga picha hapo. Watu wanasifu Paris kuwa mji wa wapendanao, na hawa wetu wanapendana hapa hapa. Safari ijayo mlete mama watoto.

Yule binti nilimjibu wiki ile ile kwamba sasa nimefika. Akaniuliza: "Na sisi utatupeleka lini?" Tulikwenda mwezi uliofuata, kwa miguu.