Rubani naye ahesabiwe mionzi

Asiyejua maana, walinena wahenga, haambiwi maana. Katika mambo ya afya kazini methali hii haina budi kupinduliwa.

Ndege ndogo ziingiazo na kutoka Uwanja wa Wilson hupita jirani na mapaa ya mabati ya Kibera. Mwanafunzi wa huko, sawa na mwenzake wa Kawangware, huinua macho akatamani urubani. Mwalimu humhimiza ajitahidi katika Hisabati na Fizikia. Ni nadra amwambie kwamba kazi hiyo ni miongoni mwa kazi za mionzi.

Chembe zenye nguvu kutoka anga za mbali huinyeshea dunia usiku na mchana. Sisi wa chini twakingwa na hewa. Kwenye kimo cha kilomita 10 au 12, kinga hiyo ni hafifu. Kwa sababu hiyo, mwaka 1990 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi ilishauri kuwa mionzi ya wahudumu wa ndege ihesabiwe kuwa ya kazini. Mwaka 1996 Umoja wa Ulaya uliagiza ikadiriwe.

Aghalabu wahudumu hao hupata milisiverti 2 hadi 5 kwa mwaka. Kikomo cha mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa 20. Cha mwananchi wa kawaida ni 1. Aidha, usumaku wa dunia huwakinga zaidi waendao karibu na ikweta. Basi rubani wa Kisumu si sawa na yule wa New York, safari ya takriban saa 15 iliyoanzishwa kutoka Nairobi mwaka 2018.

Je, mionzi hii huleta saratani? Tafiti zimeonyesha kuwa marubani hupatwa na melanoma, saratani ya ngozi, takriban maradufu kuliko watu wengine. Hata hivyo, miale ya jua na kukesha pia hushukiwa. Tusimtishe mtoto.

Mimi ni mwanaisimu, si tabibu. Linalonikera ni kuwa neno “mionzi” twalitumia kwa jua, kwa eksirei na kwa haya ya angani, pasipo kutaja kiasi. Hatari isiyoonekana wala kunusika hujulikana kwa maneno na tarakimu tu. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi. Basi kila mhudumu wa ndege, hasa mja mzito, apewe hesabu yake ya mwaka kwa lugha aielewayo, na mwalimu aifundishe darasani.

Asiyejua maana, aambiwe.