Kiungo si kiungo tu

Kila mara mjadala wa Kiswahili na sayansi unapozuka pale Kasapa, hoja ileile hurudi: Kiswahili hakina maneno. Wenzetu wa tiba huisema kwa upole, kama mtu anayetoa pole msibani. Ningependa kuijibu kwa mfano mmoja, tena mdogo hata macho hayauoni: namna seli za mwili zinavyoshikana. Nimeuchagua kwa sababu Kifaransa tunachofundishiwa hutumia jina moja, jonction, kisha hulibandika sifa. Na kwa sababu hapa, kwa maoni yangu, sarufi za Kibantu zina akiba kubwa ambayo hatuigusi.

Kwanza kitu chenyewe. Ngozi, utumbo na moyo ni seli zilizopangwa, na seli zilizopangwa bila kushikana zingemwagika kama mchanga. Namna za kushikana ni kadhaa. Katika utumbo, karibu na upande wa chakula, tando za seli mbili jirani hubanwa pamoja hata vitu vingi havipati njia katikati. Kitakachoingia mwilini hulazimika kupita ndani ya seli yenyewe, ambayo huchagua. Chini kidogo kuna ukanda ambao protini ziitwazo kadherini, moja kutoka kila upande, hushikana kama mikono, na kalsiamu ikikosekana mikono hiyo huachiana. Kisha kuna vituo vidogo vilivyo imara sana, hasa katika ngozi na moyo, ambavyo kwa ndani vimefungwa kwenye nyuzi ngumu za seli: hivyo huitwa desmosomu. Mwisho kuna mirija midogo sana. Protini 6 za seli moja hujipanga duara, zikakutana na nyingine 6 za seli ya pili, na kati yao chumvi na molekuli ndogo huvuka bila kutoka nje.

Marilyn Farquhar na George Palade walipoeleza mpangilio wa namna tatu za kwanza mwaka 1963, kwa hadubini ya elektroni, walitumia Kilatini. Ukifungua Kilatini hicho unakuta nini? Ukanda mdogo unaofunga. Ukanda mdogo unaoshika. Doa linaloshika. Ni maneno ya nyumbani, ya mtu anayevaa mshipi na kufua nguo. Desmosomu nayo ni Kigiriki: kifungo na mwili. Hakuna aliyewaambia Warumi kwamba neno la mshipi halifai maabara.

Sasa tazama tunavyofanya sisi. Mtu anachukua kamusi, anakuta kiungo, anaridhika. Lakini kiungo ni goti na kiwiko, ni mkono wenyewe, ni bizari na iliki sokoni, na kwa watangazaji wa mpira wa Dar es Salaam ni mchezaji wa katikati ya uwanja. Ukimwongezea mzigo wa namna nne za seli, kila mara na kivumishi chake, neno linachoka. Kosa, naona, ni kutafuta nomino kwanza. Mali ya Kiswahili iko kwenye vitenzi.

Wanafunzi wa isimu wanajua kauli ya kutendama na ile ya kutendata, ingawa mara nyingi tunazipita haraka ili tufike kwenye kauli ya kutendwa. Kiambishi -am- huonyesha kitu kilichotulia katika hali fulani: ganda, gandama, shika, shikama. Ongeza -an- ya wawili na unapata gandamana, shikamana, fungamana, ungamana. Kiambishi -at- ni cha kugusana kwa nguvu: fumba, fumbata, na ndugu zake kamata, ambata, pakata. Jirani zetu Wababemba wana fumbata hiyohiyo, na husema ikata kwa kushika. Yaani lugha hizi zina mofimu maalumu ya mguso unaoshikilia. Ni kweli -at- haizai tena maneno mapya, wala sipendekezi tuilazimishe. Vitenzi vilivyopo vinatosha.

Basi napendekeza hivi. Jina la jumla liwe mwambatano wa seli. Ile ya kwanza, inayozuia, iitwe mbano. Ile ya kadherini, mshikamano. Wapo watakaocheka kwamba hilo ni neno la wanasiasa, lakini seli hushikamana kila siku na wao kwa msimu tu. Desmosomu iwe fundo, na ile inayofunga seli kwenye utando wa chini yake, nusu-fundo. Mirija ile iwe kivuko.

Kwenye kivuko ndipo penye hatari. Revel na Karnovsky, mwaka 1967, waliona kwamba pale tando mbili zinaacha nafasi ndogo, ya nanomita 2 hadi 4, na Kiingereza kikaliita jambo zima kwa jina la pengo. Kifaransa mara nyingi huliita kwa kazi yake: mwambatano unaowasiliana. Mtanzania anayetafsiri neno kwa neno ataandika pengo, yaani mahali palipokosa kitu. Mkongo ataandika mawasiliano. Wakikutana, hawatajua kwamba wanasema kitu kimoja. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ni kazi ninayoiheshimu, lakini ilianzia kwenye Kiingereza. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Tusipoleta chochote mezani tutapewa pengo.

Najua mitihani ya tiba itabaki kwa Kifaransa. Sibishani na hilo leo. Ila mgonjwa wa Katuba hasomi Kifaransa cha kitivo. Chukua pemfigasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia desmosomu, matabaka ya ngozi yakaachana na malengelenge makubwa yakatoka. Mtu mwenye ngozi ya namna hiyo atasikia mengi mtaani kuhusu nani kamroga kabla hajafika lopitalo. Munganga akimwambia kwa Kifaransa amemwacha palepale. Akimwambia, «Mama, ngozi yako imeshikwa na mafundo madogo, na askari wa mwili wako mwenyewe wanayafungua», mgonjwa ameelewa chanzo, na ameelewa kwa nini anapewa dawa ya kuwatuliza askari hao. Leo kila munganga hutunga sentensi yake peke yake, usiku wa zamu, na kesho yake mwenzake hutunga nyingine.

Wanaisimu wa nchi hii walikutana hapahapa Lubumbashi mwaka 1974 wakataka lugha za taifa zitumike katika elimu. Orodha za maneno hazihitaji kungoja wizara.

Kuna sehemu moja imenishinda. Katika moyo, mahali seli mbili zinapokutana ncha kwa ncha, mafundo na vivuko hukaa pamoja, ili misuli isichanike na mapigo yapite. Nilijaribu mshono, lakini mshono hauvushi kitu. Mwenye neno, liwe la Kisanga, Kiluba au Kibemba, alilete ofisi ya jarida.