Waulizwe Kabla ya Ramani Kuchorwa

Kuna neno moja ambalo maofisa wa mipango hulipenda mno, nalo ni kuelimisha. Ramani ikiwa imekwisha kupigwa mhuri, mkandarasi amekwisha kupatikana na fedha zimekwisha kuahidiwa, ndipo huitishwa mkutano chini ya mwembe ili wananchi waelimishwe juu ya mradi. Bwana mkubwa huteremka katika gari na makabrasha yake, husema kwa muda wa saa nzima, huuliza kama kuna swali, kisha huandika katika ripoti yake kwamba wananchi walishirikishwa kikamilifu. La hasha! Hawakushirikishwa. Waliarifiwa, na kuarifiwa ni jambo ambalo hata mfungwa hufanyiwa siku anaposomewa hukumu yake.

Ubovu wa tabia hii hauonekani wazi mahali popote kama katika ujenzi wa viwanja vya ndege. Barabara huchukua ardhi inayopimika kwa kamba, na bwawa hufunika bonde ambalo kila mtu analiona. Uwanja wa ndege huchukua pia kitu kisichoandikwa katika hati yoyote ya kumiliki ardhi, yaani utulivu. Mwananchi ambaye shamba lake halikuguswa hata hatua moja, asiyehesabiwa fidia ya hata mgomba mmoja, huamka siku moja akajikuta anaishi chini ya njia ya ndege. Hakuna mthamini aliyefika kwake wala jina lake halimo katika orodha yoyote. Kwa hesabu za ofisi, mtu huyo hayupo.

Wapo wanaodai kwamba kuwauliza watu wa namna hiyo ni kuchelewesha maendeleo. Hao yafaa wasome habari za Narita.

Katika miaka ya 1960 Serikali ya Japani ilitaka uwanja mpya wa kimataifa kwa ajili ya jiji la Tokyo. Kwanza iliuelekeza Tomisato, na wakulima wa huko wakaupinga kwa nguvu. Ndipo mwezi wa Julai, 1966, Baraza la Mawaziri lilipoamua kuusogeza hadi Sanrizuka, jirani na hapo hapo, mahali palipokuwa na shamba la mifugo la Mfalme. Kwa hiyo maofisa walidhani kuwa wamepata ardhi ya kuchukuliwa bila taabu. Kumbe shamba la Mfalme peke yake halikutosha. Kulizunguka waliishi wakulima, na wengi wao walikuwa watu waliopewa pori baada ya Vita Kuu ya Pili, wakalifyeka kwa mikono yao mpaka likawa mashamba ya mboga na karanga. Watu hawa walipata habari wakati uamuzi umekwisha kupitishwa. Hakuna aliyewauliza. Walichoulizwa baadaye ni bei tu.

Matokeo yake yanajulikana. Wakulima waliunda umoja wao wa upinzani mwaka huo huo, na baadaye wanafunzi wa mrengo wa kushoto kutoka mijini wakajiunga nao, pengine kwa sababu zao wenyewe. Mwaka 1971 serikali ilipoanza kutwaa ardhi kwa nguvu za dola, mapambano yalikuwa makali hata polisi watatu wakauawa kwa siku moja mwezi wa Septemba. Tarehe 26 Machi, 1978, siku chache tu kabla ya uwanja kufunguliwa, wapinzani waliuvamia mnara wa kuongozea ndege, wakavunja mitambo yake, na ufunguzi ukaahirishwa hadi tarehe 20 Mei. Uwanja uliokusudiwa kuwa na njia tatu za kurukia ulifunguliwa ukiwa na moja. Njia ya pili ilianza kutumika mwaka 2002, miaka 36 tangu uamuzi wa Baraza la Mawaziri, tena ikiwa fupi kuliko ilivyochorwa, yaani mita 2,180 badala ya 2,500, kwa kuwa wakulima wachache walikuwa bado wamekataa kuuza.

Sisemi haya kusifu umwagaji wa damu. Wale polisi watatu walikuwa watoto wa watu, na hakuna shamba la karanga linalolipa roho zao. Nasema haya ili hesabu ya ucheleweshaji ifanywe kwa ukamilifu. Kuanzia mwaka 1991 serikali ya Japani ilikaa na wakulima katika mfululizo wa mikutano ya hadhara, mbele ya wasimamizi ambao pande zote mbili ziliwakubali, ikasikiliza, ikatamka kuwa haitatumia tena nguvu kutwaa ardhi. Mwaka 1995 Waziri Mkuu Murayama aliomba radhi. Je, mazungumzo hayo yalihitaji ujuzi gani wa kitaalamu ambao haukuwapo mwaka 1966? Hayakuhitaji lolote ila kiti, meza na unyenyekevu.

Jirani na jiji la Osaka mambo yalikwenda kwa njia ya mahakama. Uwanja wa Itami umezungukwa na nyumba, na ndege za jeti zilipoanza kutua hapo katika miaka ya 1960 wakazi hawakulala. Mwaka 1969 walifungua kesi. Mwaka 1975 Mahakama Kuu ya Osaka iliwapa haki, ikapiga marufuku ndege baada ya saa 3 usiku. Tarehe 16 Desemba, 1981, Mahakama ya Juu ya Japani ilikubali kwamba wakazi wameumizwa, na kwamba walipwe kwa madhara yaliyokwisha kupita. Lakini ilikataa kuwapa amri ya kuzizuia ndege, ikisema kuwa shauri la kiraia halikuwa njia ya kupata amri hiyo. Fikiri juu ya uamuzi huo, ndugu msomaji. Sheria inaweza kukulipa usingizi ulioupoteza mwaka jana, wala isiweze kukurudishia wa usiku wa leo. Mlango wa pekee uliokuwa na faida kwa wakazi hao ulikuwa ule wa kusikilizwa kabla, nao ulifungwa zamani.

Wajapani wenyewe walijifunza, na somo lilikuwa ghali. Uwanja mwingine wa Osaka, ule wa Kansai uliofunguliwa mwaka 1994, waliujenga juu ya kisiwa walichokitengeneza baharini, kiasi cha kilomita 5 kutoka pwani, ili kelele ziwafikie samaki. Kisiwa hicho kimekuwa kikididimia tangu siku kilipomalizika. Taifa tajiri laweza kumwaga mlima baharini ili kukwepa makosa yake. Sisi hatuna mlima wa kumwaga.

Sasa twende kwenye hoja ambayo maofisa wetu huitegemea sana, kwamba kelele ni jambo la kitaalamu, na mwananchi wa kawaida hajui desibeli. Ni kweli hajui. Lakini hebu tutazame jinsi mtaalamu anavyozitumia hizo desibeli. Kelele za uwanja huandikwa kwa wastani wa siku nzima, na wastani huo ukachorwa katika ramani kama mistari inayouzunguka uwanja. Wastani una tabia zake. Ndege zikiongezeka maradufu, zile zile na kelele zile zile, wastani hupanda kwa desibeli 3 tu. Bwana mkubwa atasimama mkutanoni aseme bila kusema uongo kwamba ongezeko ni desibeli 3, na bibi kizee aliyekuwa akihesabu ndege 20 kwa siku ataanza kuhesabu 40. Vivyo hivyo ndege nne zikipita saa 8 usiku, wastani wa siku nzima huenda usizionyeshe kwa kiasi cha kumtisha mtu, ingawa kijiji kizima kimeamshwa mara nne. Nani basi aliyeeleza hali kwa usahihi, mwenye mashine au mwenye kitanda?

Walimu hawahitaji kuambiwa jambo hili mara mbili. Kipindi kina dakika 40. Ikiwa kila baada ya dakika 3 inapita ndege, na kila ndege inamlazimisha mwalimu anyamaze kwa nusu dakika, basi kipindi kimekatwa mara 13 na dakika zaidi ya 6 zimepotea, mbali na zile zinazopotea katika kuwarudisha watoto kwenye fikra waliyokuwa nayo. Mjini München, nchini Ujerumani, uwanja wa zamani ulifungwa mwezi wa Mei, 1992, na mpya ukafunguliwa mahali pengine. Watafiti waliokuwa wakiwapima watoto wa pande zote mbili waliona kwamba kusoma na kukumbuka kwa watoto wa jirani na uwanja mpya kulizorota, na wale wa uwanja wa zamani, baada ya ndege kuondoka, wakapata nafuu. Uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2005, uliohusu watoto zaidi ya 2,800 karibu na viwanja vya London, Amsterdam na Madrid, ulionyesha kwamba kadiri kelele za ndege zilivyozidi shuleni ndivyo ufahamu wa kusoma ulivyopungua. Mwalimu wa shule ya msingi angeweza kuwaeleza haya mapema, kama angealikwa mkutanoni kama shahidi badala ya kualikwa ili apange viti.

Ipo hoja ya pili, nayo ina ukweli ndani yake. Husemwa kwamba mara nyingi uwanja ulikuwapo kwanza, watu wakaufuata, kisha wakaanza kulalamika. Ndiyo, hutokea. Lakini aliyewapimia viwanja ni nani? Aliyewapa hati, akawavutia umeme na maji, akapokea kodi yao ya ardhi, ni nani? Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilikwisha kukubaliana mwaka 2001 kwamba mpango wa matumizi ya ardhi ni moja ya njia kuu nne za kupunguza madhara ya kelele, pamoja na ndege zenye mlio mdogo, namna bora ya kuzirusha na kuzitua, na masharti ya saa. Ofisa anayegawa viwanja vya nyumba chini ya njia ya ndege, kisha akamcheka mnunuzi kwa kutokuwa na akili, huyo ndiye wa kushtakiwa kwanza.

Kwetu jambo hili si la mbali. Wakazi wa Kipawa waliotakiwa kupisha upanuzi wa uwanja wa Dar es Salaam walikaa miaka mingi kati ya kuthaminiwa mali zao na kulipwa. Na hao ni wale ambao angalau waliandikwa. Na pale Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, jiwe la msingi la uwanja mpya wa kimataifa liliwekwa mwaka 2022. Dodoma ni Makao Makuu, mji unatanuka, na kila mwenye akiba anatafuta kiwanja. Miaka ya mwanzo wa uwanja ndiyo ya kuamua ni wapi patakuwa na shule na hospitali, na ni wapi pataachwa kwa mashamba na maghala.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi ya namna hii ifanyiwe tathmini, na wananchi washirikishwe. Kabla ya hapo Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kukataa desturi ya wataalamu na viongozi wachache kuamua mipango, halafu wananchi wakahimizwa kuitekeleza. Basi hatuna upungufu wa maandishi. Upungufu wetu ni wa ofisa aliye tayari kuibeba ramani ikiwa bado imechorwa kwa penseli, akaifikisha katika ofisi ya kijiji, akaeleza ndege zitapita juu ya nani, ngapi, na saa ngapi, akasema wazi ni njia ipi nyingine ingeweza kutumika na kwa nini haikupendekezwa. Awaachie wiki kadhaa za kuifikiri. Kisha arudi na jibu la maandishi kwa kila walichosema, pamoja na yale aliyoyakataa na sababu zake, na jibu hilo libandikwe ukutani palipo na orodha za wapiga kura, ambapo hata atakayehamishiwa kituo hicho mwaka kesho ataweza kulisoma.