Ndege wa Kihamba ni wa Nani?

Mwaka 2005 msitu wa Kilimanjaro uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa. Uamuzi ule naukubali. Lakini ndege hana habari na mpaka: hula na kulala pia vihambani, juu ya miringaringa inayotia kivuli kahawa na migomba. Miti hiyo inakatwa kwa ajili ya mbao na viwanja, nami sijaona ofisi ya kata inayouliza ndege wamekwenda wapi. Kwezi mmoja wa msitu huu anaitwa kwa jina la Abbott, Mmarekani aliyekusanya ndege hapa karne ya 19. Wazee wa Kibosho walimwitaje? Chuo cha Mweka kinafundisha uhifadhi tangu 1963, katikati ya vihamba. Likizo hii, mwanafunzi, keti alfajiri moja na bibi yako, daftari mkononi.