Choo cha watoto na ruzuku ya mfadhili

Akina mama wa jumuiya moja wanataka kujenga vyoo katika shule ya watoto wao, maana mabinti wakubwa wanakosa masomo siku za hedhi. Wamechangishana hadi mifuko imekauka. Wamsake nani?

Wafadhili wapo. Ubalozi wa Japani nchini Tanzania, kwa mfano, una mpango wa ruzuku kwa miradi midogo ya jamii kama madarasa, zahanati na visima. Ila fedha hizo hazilipi mishahara, wala si za kueneza dini. Kikundi cha kanisa au msikiti kionyeshe wazi kuwa mradi ni wa watoto wote.

Kabla ya kuandika ombi, wazazi waandae cheti cha usajili, akaunti ya benki ya kikundi, daftari la mapato na matumizi, na bei zilizoandikwa na wauzaji watatu. Waeleze pia nani atasafisha na kukarabati vyoo hivyo baadaye.

Akitokea mtu anayedai “ada” ili ruzuku itoke, wajihadhari: huyo ni tapeli.

Na mchango wa shilingi 500 nao uandikwe daftarini. Mfadhili ataanza kusoma hapo.