Nyumba Iliyosahau Jiko

Wapo wanaoichora nyumba ya kesho kwa mkono mwepesi. Paa hutandikwa paneli ya jua, betri ikawekwa pembeni, taa zikawaka, simu zikajaa chaji, na mchoro ukapewa jina: nyumba inayojitegemea. Jina hilo ni zito mno kwa kazi iliyofanyika.

Na wachukuliwe hadi Ngujini, katika milima ya Upare. Chakula kinachoitambulisha Upare ni makande, mahindi na maharage yaliyochemka pamoja kwa saa nyingi juu ya mafiga. Taa nne za wati 5, zikiwaka saa tano, hula wati-saa 100 tu. Chungu cha makande hula kuni, na kila mzigo wa kuni una kichwa kilichoubeba, nacho aghalabu ni cha mwanamke. Taa inayomlaki arudipo kutoka msituni haijampunguzia hata ukuni mmoja.

Watu wa visiwani hawahitaji ushahidi wa mbali. Unguja ilipokosa umeme wa gridi tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, taa zilizimika, lakini vyungu viliendelea kuchemka kwa makaa na kuni. Hapo ilidhihirika nguvu ya nyumba inakaa wapi.

Watajibu kwamba jua halitoshi kupikia. Hesabu yao ni ya paneli moja. Paneli ya wati 100, ikipata saa nne za jua kali, hutoa wati-saa 400, nazo ni haba kwa taa na chungu kwa pamoja. Paneli nne hutoa 1,600. Sufuria ya umeme ya presha huivisha maharage kwa wati-saa 500 hivi au pungufu. Zinazosalia ni za taa, redio na chai ya asubuhi. Ukungu wa milimani utaipunguza hesabu hiyo. Basi paneli ziongezwe, wala jua lisisingiziwe.

Watasema tena kwamba ni ghali. Ni ghali kweli. Lakini kuni zimeitwa za bure kwa sababu tu aliyezibeba hakulipwa.

Wala elimu ya akiba si ngeni Upare. Tangu kale Wapare walichimba ndiva, mabwawa madogo yanayokusanya maji ya vijito usiku ili mifereji inyweshe mashamba mchana. Betri ni ndiva iliyogeuzwa: hukusanya mchana, ikatoa usiku. Na ndiva inayotosha tuta moja la mchicha haijapata kuitwa tegemeo la kijiji.

Basi anayeichora nyumba ya kesho na aanzie jikoni. Apime kwanza chungu, kisha betri, kisha upana wa paa. Taa aziandike mwisho, kwani hazina njaa kubwa. Asipofanya hivyo, auze taa zake kwa jina la taa, nalo ni jina jema. Kujitegemea akuache mpaka mafiga yapoe.