Vyuo vya Pasifiki na Fedha za Televisheni
Shirikisho la michezo la vyuo vikuu vya pwani ya magharibi ya Marekani, lililoasisiwa mwaka 1915 na, licha ya kuvunjika na kuundwa upya mwaka 1959, likadumu kwa vizazi na vizazi, lilihamwa mwaka 2024 na wanachama 10 kwa mkupuo, wakifuata fedha za televisheni, hata wakasalia Oregon State na Washington State peke yao kama mayatima.

Asili ya uhamaji huu ni mpira wa Kimarekani, wenye kuleta mapato. Bali taabu humwangukia binti wa mpira wa wavu wa Los Angeles, ambaye ligi yake mpya, Big Ten, yaenea hadi New Jersey, kwenye tofauti ya saa tatu, kisha arejee darasani na usingizi machoni. Hiyo, kwa yakini, ni dhulma.

Rai yangu ni kwamba mpira wa Kimarekani utengewe ligi yake, na michezo mingine yote irudishwe kwa majirani, ili Stanford, mmojawapo wa waliohama, isiwanie tena taji la pwani ya Atlantiki, na wazazi wapate kwenda kwa gari kuwatazama watoto wao.